Mikunjo Saba kwenye Suruali ya Baharia

Kabla hamjaanza kunicheka, wajukuu, shikeni nguo mlizovaa. Pitisheni kidole kwenye mkono wa shati, kuanzia begani hadi kiganjani. Kama shati limetoka dukani wiki hii, hamtakuta kitu. Lakini kama ni shati ambalo mama yako amelipiga pasi tangu ulipoanza kazi, kidole kitakuta njia nyembamba, hata kama limefuliwa jana. Huo ni mkono wa mama yako. Umepita hapo mara nyingi mpaka kitambaa kimekubali. Mimi nimekula, nimevaa na nimelea watoto kwa njia kama hizo. Na kuna siku, kule Sundbyberg, viungani mwa Stockholm, niliona njia za mtu aliyekufa zikifutika mbele ya macho yangu, huku binti yake akiwa safarini anakuja kuziona.

Nitafika huko, lakini kwanza mjue nilikuwa nani. Binti yangu akiulizwa husema mama alifanya kazi "kwenye mambo ya nguo", utadhani nilikuwa na duka la mitindo katikati ya mji. Nilikuwa dobi. Kila asubuhi nilipanda treni ya bluu hapa Husby, nikabadilisha Västra skogen, nikashuka Sundbyberg, na tangu hapo hadi jioni nilisimama mbele ya meza ya pasi. Magoti haya mnayoyaona yakigomea ngazi yaliishia huko.

Tulikuwa watatu. Mwenye duka alikuwa Gunnel, Mswidi mwembamba, miwani imening'inia kifuani, aliyekaa kaunta na kupokea wateja. Waswidi humwita mtu kwa jina lake tupu hata akiwa bosi mwenye mvi, lakini ulimi wangu ulikataa, nikamwita Mama Gunnel mpaka akazoea. Fundi mkuu alikuwa Katana, Mgiriama wa Mombasa. Alikuja Sweden kwa kumfuata mke. Mke akaenda zake, pasi ikabaki. Ndivyo alivyosema mwenyewe, tena bila kucheka. Mimi aliniita Bibi Kigoma kwa sababu nilipitia Kigoma nikikimbia kwetu, ingawa nilimwambia mara nyingi kwamba mimi ni mtu wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na jina langu ni Spesioza.

Katana hakujua kusifu. Ukimaliza kazi aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, akasema: "Umepinda." Yaani mkunjo umepinda. Mwaka wangu wa kwanza alinirudishia majoho ya kwaya nzima ya kanisa, moja baada ya jingine, kwa neno hilo hilo. Nilikwenda kulia stoo, katikati ya mifuko ya nguo chafu. Nilipotoka na macho mekundu alinipa kikombe cha chai. "Haya, Bibi Kigoma, kunywa. Kisha uanze na lile la soprano. Lile limepinda kuliko yote."

Lakini ninachokijua, nilikipata kwa mtu huyo. Ninyi mkipiga pasi mnaikimbiza huku na huku kana kwamba mnafuta meza. Sufu haitaki hivyo. Sufu unaitandikia kitambaa chenye unyevu, unaweka pasi, unakandamiza, unainua. Usisukume. Kisha unaacha, na hapa ndipo vijana wote wanapokosea. Mkunjo hauzaliwi kwenye moto, unazaliwa nguo inapopoa. Ukiinyakua suruali ingali ya moto ukaikimbizia kwenye henga ya kutundikia, umefanya kazi bure. Na ukitaka kuufuta mkunjo, mambo ni rahisi mno: mvuke mwingi, mkono wa kunyoosha, hewa ya kuunyonya mvuke, basi, umekwenda. Meza zetu zilikuwa na pedali mbili chini, moja ya kumwaga mvuke na moja ya kuunyonya. Fundi akikanyaga hizo mbili, kilichokaa miaka kinafutika kabla hujakohoa.

Siku hizi nasikia wana mwanasesere wa mpira. Wanamvisha shati lenye majimaji, wanambonyeza kitufe, anavimba, shati linanyooka lenyewe. Mjukuu wangu mmoja alinionyesha kwenye simu akitaka nifurahi. Nilimuuliza, huyo mwanasesere ana pua?

Pua naitaja kwa makusudi. Kitu kimoja nilikuja nacho mwenyewe kwenye kazi ile, nacho kilitoka Kigoma. Nilipokuwa mkimbizi pale mjini niliwapigia pasi polisi wa kituo, kwa pasi ya mkaa. Wale walitaka suruali yenye mkunjo wa kukata nyanya. Mama mmoja niliyepanga naye akanifundisha: geuza suruali ndani nje, chukua kipande cha sabuni kikavu, pitisha kwenye mstari wa mkunjo, kidogo tu, kisha geuza upige pasi. Sabuni inayeyuka, inashika mithili ya gundi. Katana aliponiona nikifanya hivyo Sundbyberg alinifokea kwamba ninachafua nguo za watu. Nikaacha. Pua yangu haikusahau.

Sasa, Mzee Ray. Tulimjua kwa makoti yake. Alikuwa Mwaustralia, mrefu, mwenye mikono mikubwa inayotetemeka kidogo. Alioa Mswidi zamani, mke akafariki, yeye akabaki kwenye fleti mtaa wa pili. Kiswidi chake kilikuwa kibovu kuliko changu, ndiyo maana tulielewana. Miaka yote tuliyomfulia makoti hakuwahi kututajia kwamba aliwahi kuwa baharia wa jeshi la majini la kwao.

Asubuhi moja ya Februari, miaka ya elfu mbili na kitu, theluji ikiwa imelundikana hadi kwenye kioo cha duka, aliingia na mfuko wa karatasi ameukumbatia. Mimi nilikuwa nyuma, nilimsikia tu akimwambia Gunnel: "Ni ya sufu, imekaa sana kabatini. Toeni harufu. Msiifue. Ni harufu tu." Akasema ataifuata jioni ileile, haiwezi kungoja kesho. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Gunnel akamwambia asiwe na wasiwasi, hapa kuna fundi bora kuliko wote Stockholm, na hakudanganya.

Hapa nataka msikilize vizuri, kwa maana hakuna aliyefanya uzembe. Nguo ya sufu usiyoruhusiwa kuifua, ukitaka kuitoa uvundo, dawa yake ni mvuke. Ndivyo tulivyofundishwa, na hata leo ningewafundisha hivyo hivyo. Gunnel akampa Katana, Katana akaitandaza mezani. Ilikuwa suruali ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, kitambaa kizito, pana chini, bugaluu lenyewe. Nondo walikuwa wameonja kiunoni. Na miguuni, kutoka mapajani hadi kwenye upindo, ilikuwa na mikunjo iliyolala, imekatiza mguu, mkunjo mmoja juu ya mwingine, kama vidato vya ngazi.

Niambieni, ni nani anayepiga suruali mikunjo ya kulala? Mkunjo wa suruali husimama. Katana aliona kile ambacho fundi yeyote wa kwetu angekiona: suruali iliyokunjwa hovyo ikasahauliwa sandukuni. "Masikini, imejikunja kama mkeka," alisema, akakanyaga pedali. Na mkono wake, mnaujua sasa, haukuweza kuacha kitu kimelala vibaya. Ukaanza kunyoosha.

Mimi nilikuwa meza ya pili na shati la mtu. Mvuke ukapanda. Ulikuja kwanza uvundo, ule wa kabati la mjane. Nyuma yake ikaja harufu nyingine, nyembamba, tamu kidogo, na mwili wangu uliitambua kabla kichwa hakijauliza. Nilikuwa Kigoma, mkaa unalia ndani ya pasi. Sabuni.

"Baba Katana, acha kwanza!"

Hakusikia, mashine ilikuwa inavuma.

"Katana! Toa mguu hapo! Toa!"

Aligeuka amekasirika. Hakuna aliyewahi kumpigia kelele mezani kwake. "Kwani vipi wewe? Kumewaka moto?"

"Nusa. Hiyo mikunjo imepakwa sabuni. Kuna mtu ameipiga makusudi."

Aliinama, akanusa. Kisha akaugeuza ndani nje mguu wa kushoto, ule ambao mvuke ulikuwa haujaufikia. Kwa ndani, kwenye kila mkunjo, kulikuwa na mstari mweupe uliokauka, mwembamba kama uzi. Ilikuwa saba. Mmoja umetokeza nje, unaofuata umeingia ndani, hivyo hivyo hadi chini, na nafasi kati yake ni zilezile. Kazi ya mtu aliyepima kwa kiganja. Katana akautazama mguu wa kulia. Ulikuwa umenyooka kama shuka ya hospitali, bado unafuka.

Nilimwona akikunja ngumi. Mtu huyu alikuwa akijisifu jambo moja tu duniani, kwamba hajaharibu nguo ya mtu.

Gunnel alikuja baada ya kusikia kelele. Tulipomweleza alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Basi ipigeni upya," akasema. "Mguu mmoja mnao, fuatisheni. Hatajua."

"Mama Gunnel," nikamwambia, "huyu mzee kasema msiifue. Kaja nayo ameikumbatia. Nani anatunza suruali yenye sabuni kwenye mikunjo mpaka nondo waione? Hii si nguo yake ya kuvaa. Kuna mtu aliyeipiga hivi."

"Huna hakika."

"Sina. Ndiyo maana naogopa."

Tulimtazama Katana, maana meza ilikuwa yake. Aliusogeza mguu wa kulia dirishani, akalaza kichwa karibu na kitambaa, akautazama kwa upande. Nguo iliyokaa na mkunjo miaka mingi hupauka pale juu ya ukingo. Mvuke hunyoosha, haurudishi rangi. Mistari ilikuwepo, hafifu sana. Aliiwekea pini ndogo kwenye mshono, moja kila mwisho wa mstari, ili isipotee machoni. Kisha akaweka pasi chini.

"Hatuigusi," akasema. "Tunamngoja mwenyewe. Nitamwambia mimi."

Siku ile ilikuwa ndefu, wajukuu. Nguo za wateja wengine tulizipiga, sijui tulivyozipiga. Kila kengele ya mlango ilipolia nilichungulia kaunta. Katana alichoma kola ya shati, kitu ambacho sikuwahi kukiona, akaliweka pembeni. Gunnel aliuliza mara mbili kama hatuwezi kubadilisha mawazo. Nje giza likaanza kuingia mapema, kama kawaida ya mwezi ule.

Ray alikuja kabla ya kufunga. Katana alitoka hadi kaunta akiwa ameibeba suruali kwa mikono miwili, akaiweka, akasema kwa Kiingereza kwamba ameharibu mguu mmoja, na kosa ni lake, si la duka. Akaeleza yote: mvuke, mikunjo, sabuni. Ray alisikiliza akiwa amesimama na kofia mkononi. Aliweka kiganja kwenye mguu wa kushoto. Kisha akakihamishia kwenye wa kulia, akakiacha pale muda mrefu, akitafuta. Ningependa angepiga kelele.

"Mmoja tu?" akauliza.

"Mmoja tu. Huyu mama alinizuia."

Gunnel alileta kiti. Ray akakaa, akatuambia, nusu kwa Kiswidi kibovu na nusu kwa Kiingereza ambacho Katana alinitafsiria. Suruali ilikuwa ya rafiki yake, Kol. Walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, mabaharia kwenye manowari iliyoitwa Voyager. Mikunjo ile ndiyo desturi yao. Melini kabati la baharia ni dogo, suruali ikikunjwa kama kinanda cha kodiani inaingia. Mfupi hupiga mitano. Mrefu hupiga saba, na wenyewe husema ni bahari saba. Kila mtu hupiga ya kwake kwa mkono wake, na huoni haya kumcheka mwenzako ya kwake ikipinda. Kol alikuwa mrefu.

Februari ya mwaka 1964 walikuwa mazoezini karibu na pwani ya Australia. Hapakuwa na vita wala adui. Ilikuwa usiku, na manowari kubwa ya kubeba ndege, ya jeshi lao wenyewe, ile Melbourne, iliigonga Voyager na kuikata vipande viwili. Kipande cha mbele kilizama kwa dakika chache. Ray alikuwa nyuma, akajitupa kwenye maji yaliyojaa mafuta, akaopolewa. Kol alikuwa mbele. Watu themanini na wawili hawakurudi, na bahari haikurudisha hata kitambaa cha Kol.

"Suruali hii ilibaki nchi kavu," akasema. Likizo zao walilala kwa mama yake Ray, mjini Sydney. Jumapili moja Kol aliipiga pasi kwenye meza ya jikoni ya mama, akaitundika kabatini, ya kuvaa likizo ijayo.

Nilidhani amemaliza. Gunnel naye alidhani hivyo, akaanza kusema pole. Ray akainua mkono.

Kol alikuwa na msichana. Miezi kadhaa baada ya ajali msichana akajifungua mtoto wa kike, kisha akaolewa na mtu mwingine. Mtoto akakua akijua huyo ndiye baba. Mama alimwambia ukweli karibu na kufa kwake. Mtoto, ambaye sasa ni mama mtu mzima anayeitwa Lynette, akaanza kumtafuta yeyote aliyemjua baba yake, mpaka simu ya Ray ikalia Sundbyberg. Aliuliza kama Ray ana kitu chochote ambacho baba yake alikigusa.

"Nikamwambia ninacho kitu alichokitengeneza," Ray akasema. "Nikamwambia mikunjo bado ipo. Ndege yake inatua kesho asubuhi."

Ray akasimama, akaitazama suruali, akasema iacheni hapo, sijui nitamwambia nini. Akatoka kwenye theluji kichwa wazi, ikabidi Gunnel amkimbilie na kofia.

Nilipofika hapa nikimsimulia mjukuu wangu, alinijibu kwa Kiswidi, "Men mormor, det är ju bara byxor," yaani, lakini bibi, hiyo ni suruali tu jamani. Nilikasirika, nakiri. Nikamuuliza ana nini cha babu yake aliyebaki Burundi. Ana picha? Hana. Ana koti lake, mkanda wake, kiatu chake? Hana. Tungekuwa na suruali moja ya babu yenu yenye mkunjo alioupiga mwenyewe, ningeiweka wapi? Wengi wenu hamna kitu kutoka kwa watu wenu, kwa hiyo hamuwezi kujifanya hamuelewi.

Jioni ile nilitembea na Katana hadi stesheni. Alitembea polepole kwa ajili ya barafu.

"Ungeweza kuipiga," nikamwambia. "Mistari unayo."

"Naweza. Na ingetoka safi kuliko ya yule kijana." Akakwepa bonge la barafu. "Hiyo ndiyo taabu yenyewe, Bibi Kigoma. Ingekuwa yangu."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimkuta Katana ameshafika, amevaa shati jeupe na tai, mtu aliyezoea fulana. Suruali ilikuwa mezani kama tulivyoiacha, na pini zake. Gunnel aliwasha mshumaa kaunta, Waswidi huwasha mishumaa kwa kila jambo, nikamwambia auhamishe mbali na kitambaa.

Walikuja wote wawili. Lynette alikuwa mrefu, nywele zimeanza mvi, koti alilovaa halikuwa la baridi ya huku, limeazimwa bila shaka kwa Ray maana mikono ilimfunika vidole. Uso wa Ray ulionyesha kwamba ameshamwambia. Mwanamke yule hakutusalimu. Hakuwa na ukali, alikuwa tu ameiona suruali.

"Upi ni wake?" akauliza.

Katana akamwonyesha wa kushoto. Lynette hakuugusa. Aliinama karibu nao kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala, akazihesabu ngazi zile kwa midomo, bila sauti. Kisha akautazama wa kulia.

"Na huu?"

"Huu nimeufuta mimi," Katana akasema. Akarudia. "Mimi."

Nilijitayarisha kwa lolote. Angeweza kututukana, na tungestahili. Alisimama pale akipumua, amekunja mikono ndani ya lile koti kubwa. Halafu akanigeukia mimi, si Katana, akauliza jambo ambalo Katana alichelewa kunitafsiria kwa sababu hakuamini. Aliuliza kama ni mimi niliyenusa sabuni. Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza kama ninayo. Nikachukua kipande kikavu cha sabuni ya kunawia.

Akavua koti, akakunja mikono ya sweta. "Nionyeshe alivyofanya," akasema.

Gunnel akaninong'oneza kwa Kiswidi kwamba ni hatari, kitambaa ni cha zamani, akikiunguza je? Alikuwa na haki. Sufu ya umri ule, pasi ikizidi kidogo inang'aa, ikizidi tena inakatika, na hapo hakuna wa kurudisha. Nilimtazama Katana. Alitoa pini ya kwanza akanikabidhi, kisha akageukia ukuta. Hakuweza kutazama.

Basi nikamfundisha, mimi kwa Kiswahili na Kiswidi, yeye kwa Kiingereza, na mikono ikafasiri. Geuza. Sabuni, kidogo. Kidogo zaidi ya hapo. Geuza tena. Kunja palipokuwa na pini. Kitambaa chenye unyevu juu. Pasi, weka. Usisukume! Nilimshika kifundo cha mkono. Kandamiza. Inua. Mvuke ukapanda na ile harufu, na nikaona puani mwake kwamba ameisikia. Alitaka kufunua haraka aone. Nikamzuia. Ngoja ipoe. Alingoja amefumba macho.

Tuliufanya wa kwanza, tukaufanya wa pili. Kwenye wa nne simu ya duka ililia, akashtuka, pasi ikateleza kidogo, na Gunnel akaing'oa simu ukutani kwa waya wake. Tukaendelea. Ulipopoa wa saba nikamwambia Katana ageuke.

Alikuja mezani. Akauinua mguu ule kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja. Nilisema moyoni, si leo, Katana, tafadhali, leo sema neno jema kama watu wengine.

"Wa nne umepinda," akasema kwa Kiingereza.

Gunnel aliziba mdomo. Lynette akawa mwekundu hadi masikioni, akanyoosha mkono kuichukua nguo. Lakini Katana alikuwa hajamaliza. Aliuinua mguu wa kushoto, akauweka sambamba na wa kulia, mwanga ukipita juu ya yote miwili.

"Na wa tatu wa baba yako umepinda vilevile. Nimeuona tangu jana."

Ray akasogea, akatoa miwani mfukoni. Alitazama mahali kidole cha Katana kilipo, akatazama tena. Nilifikiri anaugua, maana alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko kilichokuwa kimebanwa muda wote huo, na machozi yakaja nacho.

"Alikuwa na haraka," akamwambia Lynette. "Mama yangu alimwambia, tulia mwanangu, maliza vizuri. Akasema hawezi. Mama yako alikuwa anamngoja stesheni."

Lynette aliweka kidole kwenye mkunjo wa tatu, akakiacha hapo. Hakuna aliyemgusa. Baada ya muda Gunnel aliniuliza polepole, kwa Kiswidi, kama suruali iko tayari afunge. Nikamwambia bado, inapoa. Ilikuwa imepoa zamani.